Moja kwa Moja: Matokeo ya Kandanda katika Vinywa vya Wana Eastlands

Mwanafunzi wa Kayole au Dandora akipewa gazeti la Kiswahili asome ukurasa wa michezo kwa sauti darasani, husoma vizuri hadi afike kwenye matokeo. Sentensi inayoeleza kwamba timu fulani iliinyuka nyingine mabao 2-1 huanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza: "iliinyuka mabao two-one." Wenzake hawacheki wala hawaoni ajabu. Mwalimu ndiye anayekunja uso. Hata hivyo, mtu akilichunguza jambo hili kwa makini ataona kwamba kosa si la mwanafunzi peke yake. Gazeti limempa tarakimu mbili na kistari, na kistari hakina matamshi. Vitabu vya sarufi vimemfundisha kuhesabu vikombe, vitabu na watoto, lakini havikumfundisha kutamka matokeo ya mechi. Amefanya alichoweza: amechukua matamshi aliyoyasikia katika runinga ya jirani.

Suala hili laweza kuonekana dogo, tena la mzaha, mbele ya wasomaji waliozoea kujadili tenzi na riwaya. Lakini katika mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Jericho, Maringo, Bahati, Umoja na Kariobangi, ni vigumu kupata matini ya Kiswahili inayorudiwa na vinywa vingi kwa siku moja kuliko matokeo ya mpira. Mtoto ambaye hajawahi kushika diwani ya mashairi huyatangaza matokeo hayo akitumwa dukani. Kondakta huyauliza kabla ya kudai nauli. Iwapo Kiswahili kitashindwa katika sentensi hii fupi ambayo kila mtu anaihitaji, itakuwa kazi bure kukitetea katika sayansi na sheria, licha ya kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Hoja inayotolewa na wengi, wakiwemo watangazaji wa vituo vya redio vinavyosikilizwa sana na vijana, ni kwamba Kiingereza ni kifupi na mpira una kasi. "Two-one" ni silabi mbili. "Mbili kwa moja" ni silabi tano. Hoja hii haina mashiko. Itakumbukwa kwamba sentensi maarufu zaidi katika historia ya utangazaji wa kandanda nchini Kenya ni ya Kiswahili, nayo ni fupi kiasi cha kukosa kitenzi: "Kadenge na mpira." Inahusishwa na marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Sauti ya Kenya aliyefariki mwezi Februari 2025. Sarufi ya darasani ingedai "Kadenge ana mpira" au "Kadenge anao mpira." Mtangazaji aliondoa kiambishi cha nafsi, akabakiza kiunganishi "na", na msikilizaji wa Shauri Moyo ambaye hakuwa na runinga akamwona Joe Kadenge akikimbia. Lugha inayoweza kumbeba mchezaji kwa maneno matatu haiwezi kushindwa na kistari.

Tena ufupi si sifa pekee ya matokeo yanayosomwa vizuri. Uingereza kwenyewe, James Alexander Gordon alisoma matokeo ya kandanda katika redio ya BBC kuanzia mwaka 1974 hadi 2013, na aliyoyafanya hayakuwa ya haraka hata kidogo. Alipandisha sauti kwa mshindi na kuishusha kwa mshindwa, na timu zilipotoka sare sauti ilikaa mahali pamoja. Msikilizaji aliyekuwa na karatasi ya kubahatisha mkononi aliijua hatima yake kabla tarakimu ya pili haijatamkwa. Huo ni ufundi wa kiimbo, na Kiswahili nacho kina kiimbo chake. Kijana wa Umoja anayesubiri kujua kama mkeka wake umechanika anastahili msomaji wa aina hiyo katika lugha yake.

Kiswahili, hata hivyo, kina nyenzo ambayo Kiingereza hakina, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala, na inasikitisha kwamba tafiti nyingi kuhusu lugha ya michezo hupitia mahali hapa mbio zikielekea kuhesabu maneno ya mkopo.

Chukua mechi mbili. Tarehe 7 Julai 2019, katika uwanja wa Kasarani, Kariobangi Sharks, timu yenye jina la mtaa wa Eastlands, ilitoka sare ya 1-1 na Everton ya Uingereza, kisha ikashinda kwa penalti 4-3. (Siku iyo hiyo ndiyo aliyofariki Joe Kadenge; na tarehe hiyo hiyo ndiyo UNESCO ilikuja kuitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.) Tarehe 22 Agosti 2025, katika uwanja uo huo, Harambee Stars ilitoka sare ya 1-1 na Madagascar katika robo fainali ya CHAN, kisha ikashindwa kwa penalti 4-3. Katika karatasi, matokeo hayo mawili ni pacha: 1-1, 4-3. Msomaji wa Kiingereza atatamka tarakimu nne zilizofuatana, na msikilizaji aliyekosa neno moja kwa sababu ya honi ya matatu hatajua zipi ni za dakika tisini na zipi ni za penalti.

Kwa Kiswahili hali ni tofauti: "Sharks waliwafunga Everton mikwaju minne kwa mitatu baada ya sare ya bao moja kwa moja." "Kenya ilifungwa mikwaju minne kwa mitatu." Viambishi vya "minne" na "mitatu" vinatangaza ngeli ya U-I, kwa hivyo hata anayekuja mlangoni akiwa amechelewa, asisikie neno "mikwaju", atajua kwamba kinachosomwa si mabao. Mabao yangekuwa "manne kwa matatu", kwa ngeli ya LI-YA. Seti za voliboli zingekuwa "tatu kwa mbili", kwa ngeli ya I-ZI. Herufi moja au mbili mwanzoni mwa tarakimu zinamweleza msikilizaji ni mchezo gani, au ni sehemu gani ya mchezo.

Angalia pia kitenzi. Katika sentensi ya kwanza Sharks ndio watendaji. Katika ya pili Kenya imetendwa. Tarakimu hazikubadilisha nafasi zake. Baadhi ya walimu husisitiza kwamba anayetajwa kwanza aandamane na tarakimu yake kwanza, na hivyo huwasahihisha wanafunzi wanaosema "Gor Mahia walifungwa mawili kwa moja na Everton", kama ilivyotokea Dar es Salaam mwezi Julai 2017, wakitaka iwe "moja kwa mawili." Masahihisho hayo yanakiuka mantiki ya kauli ya kutendwa. Kinachofuata "kufungwa" ni kile ambacho mtu amefungwa. Gor Mahia walifungwa mawili. Moja ndilo walilojibu. Wazee wa Kaloleni wanaosema "tulikula mawili, tukarudisha moja" wanayafuata mantiki hayo hayo bila kuisoma sarufi ya mtu yeyote.

Swali linalozuka basi ni kama inafaa kusema "mabao mawili kwa moja" au "mbili kwa moja." Zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina mazingira yake. Neno "mabao" au "magoli" likishatajwa, tarakimu hazina budi kulitii. Lisipotajwa, msemaji yumo katika kuhesabu kutupu, na kuhesabu kutupu katika Kiswahili ni moja, mbili, tatu. Kisichokubalika ni kuchukua jina la ngeli moja na tarakimu isiyolijali, kama katika "magoli mbili", ambalo husikika kila siku katika mitaa ya Nairobi na, jambo la kusikitisha zaidi, katika taarifa za habari. Hapo kalamu nyekundu ina haki.

Kuna bahati fulani katika jambo hili ambayo haijatajwa vya kutosha. Tarakimu zinazobeba viambishi vya upatanisho ni moja hadi tano, pamoja na nane. Sita, saba na tisa, zenye asili ya Kiarabu, hazibebi, na kumi, ingawa si ya Kiarabu, hukaa vivyo hivyo. Mechi nyingi za kandanda huishia katika eneo hilo la moja hadi tano, yaani pale pale ambapo sarufi ya Kibantu ina nguvu. Simba ilipoifunga Yanga sita bila mwaka 1977, upatanisho ulikaa kimya. Yanga ilipoifunga Simba mabao matano kwa moja mwezi Novemba 2023, ulirudi. Katika raga, ambako Kenya iliishinda Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016, msomaji hana budi kutegemea neno "alama" au "pointi" na kiimbo chake tu. (Riadha ina tatizo lake jingine. Muda wa 2:00:35 aliouweka marehemu Kelvin Kiptum mjini Chicago mwaka 2023 ukisomwa ovyo, "alimaliza saa mbili", msikilizaji atadhani mbio ziliisha asubuhi watu wakinywa chai. Kihusishi "kwa" ndicho kinachouokoa: alimaliza kwa saa mbili na sekunde thelathini na tano.)

Sasa kuhusu sufuri. Hapa Eastlands ina utajiri kuliko kamusi. Gor Mahia wakiwafunga AFC Leopards 2-0, mshabiki wa Makongeni anaweza kusema mbili bila, mbili nunge, mbili mtungi, mbili yai, au mbili kwa sufuri, na kila neno lina ladha yake. "Sufuri" limetoka katika Kiarabu, na ni ndugu wa neno "zero" la Kiingereza, ambalo lilipitia kwa Waitaliano na Wafaransa kabla ya kufika London. Ni neno la hesabu. Uwanjani husikika kama mtu aliyevaa suti. "Mtungi" na "yai" yana umbo la tarakimu yenyewe, na yai linalomwangukia mwanafunzi katika mtihani ndilo hilo hilo linaloiangukia timu. Anayedhani kwamba hiyo ni lugha ya mitaani isiyo na heshima akumbuke kwamba Waingereza, katika kriketi, huita "bata" matokeo ya mchezaji anayetolewa bila kupata hata pointi moja, na kwamba asili ya jina hilo ni yai la bata. Hakuna profesa wao anayelionea haya.

Neno linalohitaji kujadiliwa kisarufi ni "bila." Ni kihusishi, na kihusishi hudai kijalizo: bila nini? Msemo kamili ni "mabao mawili bila jibu", na mitaa imekata mkia ukabaki "mawili bila." Kukata huko kunakubalika, kwa kuwa kila msikilizaji anajua kilichokatwa. Utata unazuka katika "mawili kwa bila", linalosikika sana Tanzania na ambalo sasa limevuka mpaka. Vihusishi viwili vimewekwa bega kwa bega na cha pili kimegeuzwa kuwa jina. Wahifadhina watalikataa. Lakini ikiwa "kwa" limezoea kukaa kati ya tarakimu mbili, basi lolote litakaloketi upande wake wa kulia litafanywa tarakimu. "Bila" limeacha kuwa kihusishi hapo. Limekuwa jina jingine la sufuri. Mwanaisimu mwenye busara ataliandika katika daftari lake kabla ya kulipiga marufuku.

Na "kwa" lenyewe? Neno hili lina kazi nyingi mno: kwa gari, kwa mjomba, kumi kwa mia, sita gawanya kwa mbili. Katika matokeo ya mechi huashiria kukabiliana, na kwa kawaida halileti tatizo hadi matokeo yawe 1-1. Hapo Kiswahili hujikuta kimetega mtego wake chenyewe. "Moja kwa moja" ina maana nyingine iliyokwisha kukomaa: bila kupinda, bila kusita. Aidha, matangazo yanayorushwa mechi ikiendelea huitwa matangazo ya moja kwa moja. Mtangazaji anayesema "tunakuletea mechi hii moja kwa moja kutoka Kasarani, na hadi sasa ni moja kwa moja" hajakosea popote, ila amemwachia msikilizaji mzigo.

Mzigo huo haukuwa mwepesi siku ambayo matokeo ya 1-1 yalikuwa na uzito kuliko yote katika historia ya klabu za Kenya. Mwezi Desemba 1987, Kasarani, Gor Mahia ilitoka sare ya bao moja kwa moja na Espérance ya Tunisia baada ya sare ya mabao mawili kwa mawili mjini Tunis. Jumla ilikuwa matatu kwa matatu, na Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika, lililojulikana pia kama Kombe la Mandela, kwa faida ya mabao ya ugenini. Mtu aliyetaka kumweleza mwenzake matokeo hayo huko Jericho jioni hiyo alihitaji kumfanya aelewe kwamba sare ilikuwa ushindi. "One-one" haisemi hivyo, na "moja kwa moja" haisemi hivyo pia. Ilihitajika sentensi nzima, na Kiswahili kinazo sentensi nzima.

Njia za kuukwepa mtego wa 1-1 zipo. Waweza kusema "bao moja kila upande." Waweza kutumia uradidi, "bao moja moja", ambao katika Kiswahili una maana ya kila mmoja na lake, na hivyo hubeba usawa wa sare kuliko "kwa" inavyoweza. Vijana wanaosema "wametoka mbili mbili" wametumia kanuni ya kale kabisa ya lugha za Kibantu. Wapo watakaosema kwamba wameiga "two-two." Huenda Kiingereza kiliwakumbusha, lakini hakikuwapa uradidi, uradidi ulikuwapo walipokuwa wakigawiwa mahindi mawili mawili jikoni. Ama sare isiyo na mabao, Wakenya wengi husema "sare tasa", na watangazaji wa Tanzania hupenda "suluhu", wakiliacha neno "sare" kwa mechi zilizokuwa na mabao. Tofauti hiyo ni ya manufaa. Neno moja linachukua nafasi ya tarakimu mbili, na hakuna haja ya kusoma sufuri yoyote. Ingefaa Nairobi iliazime.

Ni nani basi atakayemfundisha mtoto wa Kayole haya yote? Mtaala wa shule za sekondari umekuwa na somo la isimujamii, na sajili ya michezo imekuwa mojawapo ya sajili zinazotahiniwa katika karatasi ya pili ya KCSE. Vitabu vingi vya marudio huorodhesha sifa zake: sentensi fupi, takriri, chuku, istilahi za mchezo, kuchanganya ndimi. Mwanafunzi hukariri orodha hiyo na kupata alama. Lakini hiyo sifa ya mwisho inahitaji kutazamwa upya. Kuchanganya ndimi ni tabia ya watangazaji kadhaa wa mji mmoja katika kipindi kimoja. Haikuwa na nafasi kubwa hivyo katika utangazaji wa Mbotela na wenzake, wala haina nafasi hiyo katika utangazaji wa Tanzania leo. Kitabu kinapoifanya kuwa sifa ya sajili yenyewe, kinamfundisha mtoto kwamba "two-one" ndiyo Kiswahili cha mpira. Kisha mwalimu yule yule anamkunjia uso akiisoma hivyo darasani. Mtahini naye hutunga kielelezo cha mtangazaji anayechanganya ndimi ili sifa hiyo ipatikane, na mwaka unaofuata kielelezo hicho huingia katika kitabu kingine kama ushahidi.

Walio vyuoni hawawezi kujitoa katika lawama. Tasnifu kuhusu Sheng ya Eastlands ni nyingi, na nyingi kati yake ni nzuri, lakini zimezoea kuwaendea vijana zikitafuta maneno mapya, kama mtu anayeingia shambani akitafuta maua tu. Sarufi ya kijana huyo huyo anaposema "tulikula tatu bila" haionekani kuwa ya ajabu kiasi cha kuandikiwa tasnifu. Hali kadhalika magazeti: hakuna mhariri anayeulizwa kwa nini anachapisha "mabao 3-0" mahali ambapo "mabao matatu bila jibu" yangeingia bila kuvunja safu, hasa katika kichwa cha habari ambako nafasi ipo na msomaji anayajua maneno.

Mahali pa kuanzia si mbali. Mashindano ya Koth Biro, yaliyopewa jina la Kijaluo lenye maana ya "mvua inakuja", huchezwa Ziwani msimu wa mwisho wa mwaka ligi zikiwa mapumzikoni, na mechi za mitaani huvuta umati Camp Toyoyo, Jericho. Watazamaji husimama kando ya mistari kwa sababu viti ni vichache, na anayefika kipindi cha pili huuliza "ngapi ngapi?" kabla ya kusalimu. Jibu analopewa halijaandikwa katika kitabu chochote cha sarufi kinachotumika shuleni. Kinasa sauti cha simu kinatosha kulikusanya, Jumapili mbili au tatu, pamoja na swali lenyewe, ambalo nalo ni uradidi.